Imepigwa Marufuku na Nani?

Miongoni mwa sentensi ambazo wakazi wa fuo za Ziwa Viktoria wamezizoea mno ni hii: "Uvuvi wa omena umepigwa marufuku." Huisikia redioni mwezi wa Aprili unapokaribia, na huisikia tena katika mikutano ya chifu. Kwa mwanafunzi wa sarufi, sentensi hiyo ni mfano mzuri wa kauli ya kutendwa iliyoachwa bila mtenda. Kiswahili hakikosi njia ya kumtaja mtenda. Neno "na" lipo, nalo halimgharimu mtu chochote: umepigwa marufuku na Bunge, na waziri, na gavana, na kamati ya ufuo. Hata hivyo, aghalabu neno hilo huachwa, na mvuvi wa hapa Kisegi hubaki na katazo lisilo na mwenyewe.

Zamani upungufu huo haukuwa na madhara makubwa. Tangu mpango wa majimbo wa mwaka 1963 ulipozikwa, punde tu baada ya uhuru, aliyekuwa na uwezo wa kukataza katika Kenya nzima alikuwa mmoja, yaani serikali iliyoko Nairobi. Hata baraza la mji au la wilaya lilipokataza jambo, lilifanya hivyo kwa uwezo liliouazima kwa Nairobi, na cha kuazima, kama tujuavyo, mwenyewe akikitaka hukichukua. Katiba iliyotangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010 ilibadilisha hali hiyo. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013 tumekuwa na serikali ya kitaifa na serikali 47 za kaunti, na kila kaunti ina bunge lake. Mabunge hayo hayakuazimwa uwezo wa kutunga sheria; yamepewa na Katiba yenyewe katika Kifungu cha 185. Kwa hiyo swali la nani aliyekataza limetoka katika daftari la sarufi likaingia katika maisha ya watu, na walimu tunapaswa kulifuata huko.

Hebu tutazame namna Jedwali la Nne la Katiba linavyogawa kazi. Sehemu ya kwanza, inayoorodhesha kazi za serikali ya kitaifa, inataja hifadhi ya mazingira na maliasili, na humo limo neno la Kiingereza "fishing", pamoja na uwindaji na ukusanyaji wa mazao ya mwituni. Sehemu ya pili, ambayo ni ya kaunti, inataja kilimo, na chini ya kilimo, baada ya ukuzaji wa mimea na ufugaji, minada ya mifugo, machinjio na udhibiti wa maradhi ya mimea na wanyama, limo neno "fisheries". Mwanasheria atakwambia kwamba neno la kwanza ni kitendo cha kumtoa samaki majini akiwa mali ya asili, na la pili ni shughuli yote ya kiuchumi inayomzunguka samaki huyo. Mfasiri naye atakwambia kwamba yote mawili, kwa Kiswahili cha kawaida, ni uvuvi. Mimi ni mwalimu wa isimu, si wakili, wala siwalaumu waliotunga Katiba kwa kutumia nafasi waliyopewa na viambishi vya Kiingereza. Ninachostaajabia ni kwamba mpaka kati ya serikali mbili umechorwa kwa mwisho wa neno. Mvuvi anayewasha taa yake ziwani usiku na kurudi na omena alfajiri hana njia ya kujua ni wapi, kati ya kilindi na ufuo, alipotoka katika neno la kwanza akaingia katika la pili.

Katiba haikuwa kipofu kwa jambo hili. Kifungu cha 186 kinasema kwamba kazi iliyopewa ngazi zaidi ya moja ya serikali ni kazi ya pamoja, na kila ngazi inaweza kuifanya. Tena Kifungu cha 62 kinayaweka maziwa katika ardhi ya umma ambayo serikali ya kitaifa inaishika kwa niaba ya wananchi. Kwa ufupi, maji ni ya taifa, ufuo unatazamwa zaidi na kaunti, na samaki, ambaye hakusoma Jedwali lolote, ni wa wote wawili.

Nchi ambayo imeishi na tatizo la namna hii kwa muda mrefu, na kwa gharama kubwa ya maisha ya watu, ni Marekani. Kitu kilichowagombanisha huko si wavu bali ni bunduki. Naleta mfano huo hapa kwa sababu wanafunzi wetu huusoma katika magazeti na kuustaajabia: inawezekanaje mtu awe raia mwema upande mmoja wa barabara, na akivuka mpaka wa jimbo akiwa na silaha ile ile awe mhalifu? Jawabu ni kwamba nchini humo serikali ya shirikisho na serikali za majimbo zote zina sauti juu ya bunduki. California ilipiga marufuku aina kadhaa za bunduki za mtindo wa kijeshi mwaka 1989. Serikali ya shirikisho ilitunga marufuku yake mwaka 1994, ikaiwekea muda wa miaka 10, na mnamo Septemba 2004 muda huo ukaisha bila kuongezwa. Siku ile bunduki zilizokuwa haramu kote nchini zikawa halali katika majimbo mengi, lakini California zikaendelea kuwa haramu, kwa kuwa marufuku ya jimbo haikuwa imeegemea ile ya shirikisho. Zilikuwa marufuku mbili juu ya kitu kimoja, kila moja ikisimama kwa miguu yake.

Katiba ya Marekani inasema kwamba sheria ya shirikisho ndiyo kuu pale inapogongana na ya jimbo. Msomaji anaweza kudhani kwamba hapo mambo yamekwisha. Hayakwisha. Mwaka 1993 bunge la nchi hiyo lilitunga sheria iliyowataka wakuu wa polisi wa mashinani wachunguze historia ya kila anayetaka kununua bastola. Masherifu wawili, mmoja wa Montana na mwingine wa Arizona, wakaenda mahakamani. Mwaka 1997, katika kesi ya Printz, Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo ikaamua kwamba serikali ya shirikisho haiwezi kuwaamuru maafisa wa majimbo watekeleze sheria yake. Washington inaweza kukataza. Haiwezi kuuazima kwa nguvu mkono wa sherifu. Na hata ndani ya jimbo moja mambo ni hayo hayo: Illinois ilipotunga marufuku yake ya bunduki za aina hiyo Januari 2023, masherifu wengi wa jimbo hilo walitangaza hadharani kwamba hawatajishughulisha kuwasaka wanaozimiliki.

Funzo ninalolichota huko ni kwamba katika neno "marufuku" kuna mambo mawili yaliyofichana: uwezo wa kutamka katazo, na uwezo wa kulifanya litiiwe. Tumezoea kuyaona kama jambo moja kwa sababu kwa miaka mingi yalikaa katika jumba moja.

Kwetu Kenya, bunduki zenyewe hazina utata huo. Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, ni ya taifa. Bodi inayotoa leseni ni ya taifa. Polisi ni wa taifa. Jedwali la Nne halikuipa kaunti neno lolote kuhusu silaha, na Kifungu cha 186 kinasema kwamba kazi ambayo haikutajwa kuwa ya kaunti ni ya serikali ya kitaifa. Kifungu cha 239 kinakwenda mbali zaidi, kwani kinamkataza mtu yeyote kuunda kikosi cha kijeshi au mfano wake isipokuwa kama ilivyoruhusiwa na Katiba au na sheria ya Bunge. Kesho bunge la Homa Bay au la Migori likitaka kupiga marufuku bunduki katika fuo zake, au likitaka kuwapa bunduki askari wake, halina pa kusimama. Mwenye bunduki yenye leseni anayesafiri kutoka Sindo hadi Muhuru havuki mpaka wa sheria yoyote. Kwa maoni yangu, hilo ni jambo jema, na sina hamu ya kuona kaunti 47 zikiwa na sheria 47 za silaha katika nchi ambayo majirani wake wanapitisha bunduki mipakani.

Lakini mwenye nyavu anayesafiri kwa maji kutoka Sindo hadi Muhuru anaweza kuvuka mpaka wa namna hiyo, na hapa ndipo mfano wa Marekani unapotugusa. Sheria ya Usimamizi na Ustawishaji wa Uvuvi, namba 35 ya mwaka 2016, ni ya taifa. Chini ya sheria na kanuni za taifa, nyavu za uzi mmoja wa plastiki ni haramu, na vivyo hivyo makokoro yanayoburutwa hadi ufukweni yakizoa samaki wachanga na mayai. Nchi tatu zinazomiliki ziwa zilikubaliana pia kwamba mbuta avuliwe akiwa na urefu wa kati ya sentimita 50 na 85. Sasa tuseme bunge la kaunti moja likitunga sheria kwamba majarife yote yawe na matundu mapana kuliko yanayotakiwa na taifa. Je, sheria hizo zinagongana? Mimi naona hazigongani. Mvuvi anayetii ile kali ametii zote mbili, na Kifungu cha 191 kinaitaka mahakama, inapokuwa na tafsiri mbili zenye mantiki, ichague ile inayoepusha mgongano.

Tuseme kinyume chake: bunge la kaunti, kwa kusukumwa na wapiga kura wenye njaa, liruhusu wavu wa uzi mmoja. Hapo mtu hawezi kutii zote mbili kwa maana yake. Kifungu hicho hicho kinasema kwamba sheria ya taifa hushinda ikiwa inatumika kwa usawa nchini kote na ikiwa inahitajika kwa mambo yaliyotajwa humo, na mojawapo ni ulinzi wa mazingira. Masharti hayo yasipotimia, sheria ya kaunti ndiyo inayoshinda. Sentensi hii ya mwisho haifundishwi vya kutosha. Walimu wengi bado huwaambia wanafunzi kwamba sheria ya Nairobi iko juu siku zote, jambo ambalo Katiba haikulisema.

Kuna jambo jingine katika kifungu hicho linalonifurahisha kama mtu wa lugha. Sheria iliyoshindwa haifi. Katiba inasema kwamba haibatilishwi, bali inakosa nguvu kwa kadiri ya mgongano wenyewe tu. Kwa Kiswahili ningesema sheria hiyo imelala. Nairobi ikifuta sheria yake, au ikiiacha imalizike kama ilivyomalizika ile ya Marekani mwaka 2004, ile ya kaunti huamka palepale ilipolala, bila mtu kuitungia upya. Nani atamwarifu mvuvi kwamba sheria imeamka?

Uwezekano wa tatu ndio unaonitia wasiwasi zaidi, nao hauihusu Nairobi hata kidogo. Homa Bay inaweza kufunga sehemu ya maji yake kwa mwezi fulani ili ngege wazaane, na Migori isifunge. Pande zote mbili zimetumia haki yao. Lakini juu ya maji hakuna kibao. Mashua iliyotoka hapa Kisegi ikiwa na wavu halali inaweza kusukumwa na upepo ikawa na wavu haramu, kama yule Mmarekani na bunduki yake, tofauti ikiwa kwamba yeye aliendesha gari na akaona bango la kumkaribisha katika jimbo jirani.

Na katazo hilo la kaunti litatekelezwa kwa mkono wa nani? Kaunti ina maafisa wa uvuvi wanaozijua mashua kwa rangi na majina. Kila ufuo una kamati yake ya usimamizi inayochaguliwa na watu wa ufuo wenyewe, mpango uliowekewa kanuni tangu mwaka 2007. Hawa ndio wanaojua nani analala na wavu wa uzi mmoja chini ya kitanda. Lakini hawana bunduki, na ziwa usiku si mahali pa kumfuata mtu mikono mitupu. Wenye bunduki ni polisi na Walinzi wa Pwani, kikosi kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2018, na wote hao ni wa taifa. Mwendesha mashtaka hupata mamlaka yake kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambaye ni wa taifa, na hakimu pia ni wa taifa. Tumepata basi hali iliyo kinyume cha ile ya kesi ya Printz: kule Washington ilikuwa na sheria ikakosa mkono wa sherifu; hapa kaunti inaweza kuwa na sheria na ikakosa mkono wa polisi. Ofisa wa taifa ambaye halipendi katazo la kaunti hahitaji kulipinga. Inatosha mashua yake ya doria iwe haina mafuta siku hiyo.

Sisemi hivyo ili kaunti zipewe bunduki. Tumekwisha kuona jirani akijaribu njia ya silaha. Mwaka 2017 Uganda ilipeleka wanajeshi ziwani kukomesha uvuvi haramu, na malalamiko ya wavuvi kuhusu vipigo na mali iliyoteketezwa yakafuata, yakiwamo ya wavuvi wa upande wetu karibu na Migingo. Ziwa lina nchi tatu, na sehemu ya Kenya ni takriban asilimia 6 tu. Hatuwezi kumudu serikali mbili za Kenya zikivutana katika sehemu ndogo kiasi hicho.

Ninachokisema ni cha chini zaidi ya hapo, nacho kinaanza na lugha. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, ni lugha rasmi. Lakini Kifungu cha 259 kinasema kwamba nakala za Katiba za lugha mbalimbali zikitofautiana, ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa. Kwa sheria za Bunge, Kifungu cha 120 kinasema nakala iliyotiwa sahihi na Rais ndiyo itakayofuatwa, na sheria ile ya uvuvi ya 2016 ilitungwa kwa Kiingereza. Wenzetu wa Tanzania waliamua mwaka 2021 kwamba lugha ya sheria na ya mahakama iwe Kiswahili. Najua kwamba utekelezaji wake ni kazi ya miaka mingi, na kwamba wapo mawakili walionung'unika. Hata hivyo wamelikabili swali ambalo sisi tumelizunguka tangu uhuru.

Kuna wanaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za kubeba sheria kama hizi. Dai hilo ni la mtu ambaye hakuwahi kukaa na wavuvi. Pwani wana jarife, juya, kimia, dema, uzio, na kila neno ni chombo mahsusi chenye umbo na kazi yake. Mahali ambapo Kiingereza cha kawaida kinasema "net", Mswahili wa Lamu ataona uvivu. Dholuo na Olusuba nazo zina hazina zao, na maneno omena, mbuta na ngege yamekwisha kuingia katika Kiswahili cha bara bila kuomba ruhusa. Tatizo letu si uhaba wa maneno. Ni kwamba waliopewa kazi ya kuandika sheria hawajaamriwa kuyatumia.

Mabunge ya Homa Bay na Migori hayahitaji kuisubiri Nairobi. Yanaweza kukaa pamoja na kutunga sheria moja ya uvuvi yenye maneno yale yale, kila moja ikaipitisha kwake, ili mpaka wa majini usiwe na maana kwa mwenye wavu. Yanaweza kuitunga kwa Kiswahili, na kuitolea nakala ya Dholuo itakayosomwa ufukweni. Katika sheria hiyo neno "uvuvi" lifafanuliwe mwanzoni, liseme wazi ni sehemu gani kaunti imeishika na ni ipi imeiachia serikali ya kitaifa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 imeziagiza kaunti zitoe elimu ya uraia. Sioni elimu ya uraia iliyo bora kuliko sheria inayosomeka. Watakaolalamikia gharama wakumbuke kwamba tunazungumzia kurasa chache, si ensaiklopidia.

Kwa walimu wenzangu, hasa wa shule za sekondari zilizo karibu na maji, nina ombi dogo. Katika somo la kauli ya kutendwa, chukueni tangazo lolote la serikali na muwaambie wanafunzi wamtafute mtenda. Wakimkosa, wamwandikie barua ofisa wa kaunti na ofisa wa taifa, kila mmoja kivyake, waulize katazo hilo ni la nani na limesimama juu ya sheria gani. Majibu mawili yakija tofauti, mtakuwa na somo la sarufi na la uraia kwa pamoja, na pengine mbunge wa kaunti mtakayemwalika darasani atakuwa na la kujifunza pia.

Na tangazo lijalo la omena liwafikie watu likiwa limekamilika: uvuvi umepigwa marufuku na nani, kwa sheria ipi, katika maji ya kaunti zipi, na ni nani aliye na ruhusa ya kuuchukua wavu wa mtu na kwa stakabadhi gani. Litolewe Januari na si mwisho wa Machi, kwa sababu wavuvi wengi hununua nyavu kwa mkopo mwanzoni mwa mwaka, na mkopo haufungwi msimu.